Barua kwa Shangazi: bendera ya Mtakatifu Antoni haitarudishwa

Yucatán, Mexico
Mwezi wa Julai

Shangazi yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe pamoja na wote waliomo katika nyumba ya Muheza, na kwamba mguu wa Bibi umepata nafuu tangu Deo alipompeleka hospitali. Sisi huku hatujambo. Mama Antonia anakusalimu, Antonia anakuamkia, na kazi inaendelea.

Nimeamua kuandika barua badala ya kupiga simu kwa kuwa ninayotaka kuyasema ni marefu, na kwenye simu Baba Mdogo hunikatiza kabla sijafika katikati. Naomba barua hii isomwe yote katika kikao cha ukoo cha mwezi ujao. Asome Deo kwa sauti, na wewe ukae pale kama mkubwa wa nyumba yetu, uhakikishe kwamba hakuna aya inayorukwa.

Deo amenieleza yaliyosemwa katika kikao kilichopita. Amenieleza kwamba video tulizotuma, zile za sikukuu ya Juni zinazoonyesha watu wakiingia nyumbani kwetu na bendera na matarumbeta, zilipitishwa mkono kwa mkono kama ushahidi, na kwamba Baba Mdogo alisimama akasema mtoto wa marehemu kaka yake anachinja nguruwe kulisha watu baki wakati paa la nyumba aliyozaliwa baba yake linavuja. Akaongeza kwamba nimekuwa mtumishi wa sanamu ya watu. Baada ya hapo kikao kikakubaliana niirudishe kwa wenyewe hiyo bendera ya chama niliyoipokea niitunze nyumbani kwa mwaka mmoja, na fedha nilizozipanga kwa ajili ya sikukuu ya mwakani nizitume Muheza.

Shangazi, la paa nalimaliza hapa hapa ili lisituchanganye. Fedha za bati na mbao nilikuwa nimekwisha kuzitenga kabla ya kikao hicho. Nusu nimemtumia Deo wiki hii, na nusu ya pili itafuata mwezi wa tisa. Sijawahi kuikana nyumba ile. Lakini bendera sitairudisha, na nataka ukoo uelewe kwa nini, kwa maana waliopitisha uamuzi ule hawakujua walikuwa wanaamua juu ya kitu gani.

Katika jimbo hili la Yucatán kila kijiji kina somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, na sikukuu ya somo haiandaliwi na paroko wala na serikali ya kijiji. Inaandaliwa na vyama vya walei vinavyoitwa gremios, na kila chama kina siku yake katika majuma yale ya sikukuu. Asili ya vyama hivi ni kazi za watu: wakulima, wafugaji, waashi, maseremala, washona viatu, waoka mikate, na siku hizi madereva, vipo pia vya akina mama na vya vijana. Katika mji mkuu, Mérida, vyama hupokezana kanisa kuu kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi kati ya Oktoba kwa heshima ya Kristo wa Malengelenge. Husimuliwa kwamba katika kijiji cha Ichmul watu waliona mti ukiwaka moto bila kuteketea, wakachonga sanamu ya Bwana kutokana na mti huo, na kanisa la kijiji lilipoungua baadaye sanamu ilikutwa nzima ndani ya majivu, imekuwa nyeusi na imefura malengelenge kama ngozi ya mtu. Ililetwa Mérida mwaka 1645. Mwaka 1915, wakati wa mapinduzi ya Mexico, kanisa kuu lilivamiwa na sanamu ile ikaangamizwa; hii inayoheshimiwa leo ilichongwa baada ya hapo. Watu wa vyama waliendelea na siku zao. Ndivyo walivyo, na ndiyo maana nawaheshimu.

Kijijini kwa wakwe zangu, mwendo mfupi kutoka mji wa Izamal, somo ni Mtakatifu Antoni wa Padua. Naam, Shangazi, yule yule somo wa kanisa kuu letu la Tanga, na sikukuu yake ni Juni 13 huku kama ilivyo huko. Hata konventi kubwa ya Wafransisko pale Izamal, yenye kuta za rangi ya manjano kama mji wote ulivyo, iliwekwa chini ya jina lake tangu karne ya 16. Kwa hiyo Baba Mdogo anaposema mtakatifu wa watu, namwomba akumbuke ni mtakatifu gani aliyechorwa katika kadi yake ya kipaimara.

Chama chetu ni cha wakulima, na kwa sehemu hizi mkulima maana yake ni mkata mkonge. Mkonge wa hapa si ule ule wetu hasa, ni ndugu yake, lakini miba ni miba. Ukikaa na wazee wa chama jioni, wakakunja mikono ya mashati, utaziona alama zile zile alizokuwa nazo Babu kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono. Babu aliukata mkonge maisha yake yote pamoja na manamba waliotoka mbali, bila kujua kwamba mmea ule ulikuwa umetoka huku kwa wakwe zangu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ambako ilikuwa imefikishwa kutoka Yucatán, na iliyofika pwani ya Tanga ikiwa hai ni 62 tu. Mashamba yote ya Korogwe, Ngomeni na Pangani yalizaliwa na miche hiyo. Mimi niliyetoka Mlingano, kwenye kituo cha utafiti wa mkonge, kuja kusoma habari za katani nilikuwa nafuata njia ya mche kuurudia mzizi. Wazee wa chama niliwasimulia habari hii katika mkutano wao, na mzee mmoja aliinuka akanishika mkono akasema basi wewe si mgeni, wewe ni mkulima mwenzetu aliyechelewa kufika. Tangu siku hiyo jina langu liliandikwa katika daftari la chama.

Wazee hawa ni watoto na wajukuu wa watu walioishi katika mashamba makubwa ya mabwana wa mkonge, wamefungwa kwa madeni ya duka la bwana, deni la baba likirithiwa na mwana. Mabwana walijenga majumba ya marumaru Mérida, na bado yamesimama. Mashine za kusaga mkonge zimeota kutu na majengo ya mashamba mengi yamekuwa magofu. Kilichobaki katika vijiji ni kanisa, familia, na chama.

Sasa niseme habari ya bendera. Ni kitambaa cha mahameli nyekundu kirefu kuliko mtu, kimedariziwa kwa uzi wa dhahabu picha ya Mtakatifu Antoni na Mtoto Yesu mkononi, na chini yake jina la chama na mwaka kilipoanzishwa. Kingo zake zina vishada vizito vinavyogongana mwenye kuibeba akitembea. Kuna bendera nyingine ndogo za familia zilizowahi kuipokea, na kuna vishada vya maua ya karatasi na utepe wa rangi vilivyofungwa juu ya fimbo ndefu, kazi ya akina mama ya majuma mengi. Vitu hivi vyote havikai kanisani. Vinakaa mwaka mzima katika nyumba ya mwenyeji, katika chumba cha mbele, vikiwa na mshumaa na maua mabichi, na mwana chama yeyote ana haki ya kubisha hodi aingie asali.

Siku ya chama inapokaribia, wanachama hukusanyika katika nyumba hiyo. Alasiri ya mkesha bendera hutolewa nje, matarumbeta na ngoma hutangulia, na fataki hurushwa angani moja baada ya nyingine njia nzima, ili aliye shambani au kitandani ajue maandamano yamefika wapi. Chama kikiingia kanisani, bendera husimamishwa karibu na altare, mishumaa mikubwa iliyotolewa nadhiri huwashwa, rozari husaliwa, na asubuhi yake kuna Misa kwa ajili ya wanachama wazima na waliokufa, majina yao yakisomwa. Baada ya hapo bendera hutoka kanisani kwenda katika nyumba ya mwenyeji mpya, wakati chama kinachofuata kinajiandaa kuingia kwa zamu yake. Hivyo hivyo siku baada ya siku, mpaka sikukuu yenyewe. Mlichokiona katika video ni saa ile ya bendera kutoka kanisani kuja kwetu.

Nyumba inayopokea ndiyo inayolisha. Chakula chenyewe ni nyama ya nguruwe iliyolazwa katika zingefuri na maji ya madanzi, ikafungwa majani ya mgomba na kufukiwa katika shimo lenye mawe ya moto tangu usiku. Wanaume hufukia shimo kwa udongo, na mmoja wao hubaki macho hadi alfajiri akiangalia kama kuna mahali moshi unapenya, kwa sababu ukipenya joto limekimbia na nyama itatoka mbichi. Akiuona huchota udongo kwa mikono na kuziba. Mwaka huu aliyekesha ni mimi. Alfajiri tulipofukua, jani la juu lilikuwa limekauka kama karatasi, na la chini yake lilikuwa bado la kijani likitoka mvuke, na mzee anayejua mambo haya alionja kwa kidole akanyamaza, kisha akaagiza akina mama waanze kuchoma chapati za mahindi. Shangazi, nimepata vyeti kadhaa katika maisha yangu, lakini ukimya wa mzee yule nauweka juu ya vyeti hivyo.

Narudi kwenye shutuma ya kulisha watu baki. Baba Mdogo amehesabu nguruwe katika video bila kuuliza walitoka wapi. Mwenyeji hatoi vyote mfukoni mwake. Miezi mingi kabla, watu huja nyumbani mmoja mmoja: huyu anasema nitaleta nguruwe, yule atalipia matarumbeta, mwingine mahindi, mwingine fataki, mjane asiye na kitu anasema nitaleta mikono yangu nioshe sufuria. Yote huandikwa. Mwaka wao utakapofika, wewe unarudisha kile kile walichokuletea, na ukiweza unazidisha kidogo ili uzi usikatike. Katika vijiji vingine hucheza ngoma wakiwa wamebeba kichwa cha nguruwe kilichopambwa kwa utepe na mikate, na anayekipokea amejifunga kukirudisha mwakani. Shangazi, wewe uliyeshika daftari la michango ya harusi zetu zote, uliyejua ni nani alitoa nini katika harusi ya Mjomba wa Maramba na kwa hiyo anastahili kupewa nini kwa binti yake, unaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote katika ukoo. Mtu ambaye amekula katika nyumba za wenzake kwa miaka yote hii, kisha zamu yake ikifika akasema ndugu zangu wa Muheza wamenikataza, huyo utamwitaje?

Wanaojua historia ya huku wanaeleza kwamba mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Zamani za utawala wa Hispania, udugu wa kidini wa vijiji vya Wamaya, wenyeji wa asili wa huku, ulikuwa na mashamba ya ng'ombe yaliyohesabiwa kuwa mali ya mtakatifu. Faida yake ililipia sikukuu, na njaa ilipoingia ng'ombe hao waliokoa watu. Katika miaka ya 1780 Askofu Luis de Piña y Mazo aliamuru mashamba hayo yauzwe. Watakatifu wakabaki bila ng'ombe hata mmoja. Watu wangeweza kusema basi, sikukuu imekwisha, kwani wenye mamlaka wameichukua mali yake. Badala yake gharama zilihamia katika nyumba za watu wenyewe, mwaka kwa mwaka, nyumba kwa nyumba, na vyama hivi vikaja kukua juu ya msingi huo. Kwa hiyo kila anayeipokea bendera anabeba mzigo uliokuwa wa kundi zima la ng'ombe, na anaubeba kwa hiari. Naliona hilo ni jambo la fahari kubwa, na sioni haya kulisema mbele ya kikao.

Wala msidhani ni desturi ya kijiji kimoja cha mbali. Mexico nzima ina mambo haya kwa sura mbalimbali. Kule Xochimilco, kusini mwa mji mkuu wa nchi, kuna sanamu ndogo ya Mtoto Yesu wanayoiita Niñopa. Kila Februari 2, siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, hukabidhiwa familia nyingine ikae nayo mwaka mzima, na familia hiyo hupokea na kulisha wageni wanaokuja kuisalimu. Wanaoomba nafasi hiyo husubiri miaka mingi sana, hata ikawa mzazi aliyeandikisha jina anafariki na watoto ndio wanaoipokea. Waashi wa nchi nzima, kila Mei 3, husimamisha msalaba wa maua juu ya jengo wanalolijenga, na mwenye jengo huwapa chakula siku hiyo. Mimi ninayeishi kati ya watu wa namna hii nimepewa nafasi bila kusubiri miongo, tena nikiwa mtu wa kwanza asiyezaliwa kijijini hapo kuipokea bendera ya wakulima. Paroko alilitaja jambo hilo katika Misa. Nilitegemea simu ya pongezi kutoka nyumbani, nikapata maazimio ya kikao.

Sasa nafika katika neno ambalo ndilo lililonikalisha chini niandike, na hapa namwomba Deo asome polepole.

Baba alipofariki sikuweza kuja. Mnajua sababu, na sina haja ya kuirudia. Ninyi mlikuwa pamoja: mlimwosha, mlimzika, mlikaa matanga, mlilia mkashikana. Mimi nilikuwa katika chumba kimoja na simu mkononi, naangalia jeneza la baba yangu likishushwa katika kioo kidogo kama kiganja, na picha ikakatika kabla udongo haujarudishwa. Jioni ile ile, kabla sijamwambia mtu yeyote isipokuwa mke wangu, nilisikia hodi. Walikuwa watu wa chama. Waliingia na meza ndogo, kitambaa cheupe, mishumaa na maua, wakaomba picha ya Baba, wakaiweka katikati. Bendera ya wakulima, ambayo mwaka ule ilikuwa katika nyumba nyingine, ililetwa ikasimamishwa nyuma ya picha yake. Mama mzee anayeongoza sala kijijini alikaa mbele, akaanza rozari. Walikuja usiku wa kwanza, wakaja wa pili, wakaja siku zote tisa za novena. Kila usiku kulikuwa na uji wa mahindi na mikate kwa waliosali, na sikuruhusiwa kutoa hata senti. Walilitamka jina la Baba kwa ulimi wao, wakilivunja mahali pa kulivunja, lakini walilitamka kila usiku. Na kila mwaka, siku za Marehemu zinapofika mwanzoni mwa Novemba, wanapowaandalia chakula wapendwa wao waliotangulia, jina la kaka yake Baba Mdogo lipo katika orodha ya chama.

Basi hao ndio watu baki. Waliketi matanga ya mtu ambaye hawakumjua, wa nchi ambayo wengi wao hawaijui mahali ilipo, kwa sababu mwanawe ni mwana chama. Sisi watu wa Tanga tunajua kufa na kuzikana ni nini. Nawauliza wana kikao: mtu aliyekuja kukuzikia baba yako, je, zamu yake ya kuletewa chakula ikifika unamfungia mlango?

Kuhusu sanamu nitasema machache, kwa kuwa paroko wa Muheza anaweza kueleza vizuri kuliko mimi, na pia kwa kuwa Baba Mdogo mwenyewe hubeba Bikira Maria katika maandamano ya Oktoba na hatujamwita mwabudu sanamu. Lakini historia ya huku ina jambo ambalo nimelitafakari sana. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, Padre Diego de Landa aliwachoma moto miungu ya Wamaya na vitabu vyao, na watu wakateswa. Huyo huyo Landa ndiye anayesimuliwa kuileta kutoka Guatemala sanamu ya Bikira Maria wa Izamal, ambaye sasa ndiye msimamizi wa Yucatán yote. Watu waliochomewa vyao waliweza kuchukia kila kilicholetwa na mkono ule. Wao walimpokea Mama, wakamfanya wa kwao, wakamwimbia kwa Kimaya. Sanamu ya kwanza ilipoteketea kwa moto mwaka 1829, walileta nyingine kutoka Mérida wakaendelea. Papa Yohane Paulo wa Pili, yule uliyekwenda kumlaki Dar es Salaam mwaka 1990, alifika Izamal Agosti 1993 akakutana na watu wa asili wa bara hili mbele ya Bikira huyo, akamwachia taji la fedha. Nimesimama katika uwanja ule. Niliwaza kanga uliyovaa siku ile ya Papa, ambayo ulikataa isifuliwe pamoja na nguo nyingine.

Sitaki mdhani kwamba nimewasahau katika shangwe hizi. Juni 13 ndiyo siku ninayoikumbuka Tanga kuliko siku nyingine zote za mwaka. Matarumbeta ya huku yanapopiga, masikio yangu yanatafuta kayamba za kwaya yetu. Wakiimba utenzi wa Mtakatifu Antoni, mimi naimba wa kwetu kimoyomoyo na unaishia mapema, kisha nabaki nimesimama nikiwasubiri wamalize. Katikati ya uwanja wa mbao wanaoujenga kwa ajili ya michezo ya ng'ombe, wanapanda msufi mchanga, kwa kuwa kwa Wamaya msufi ni mti mtukufu. Na mimi kila nikiuona nakumbuka msufi wa nyuma ya nyumba ya Bibi, tulivyokuwa tukiokota sufi za kujazia mito na wewe ukitugombeza kwa kuzijaza mbegu. Je, bado upo, au Baba Mdogo aliukata kama alivyokuwa akitishia?

Antonia mwaka huu alicheza jarana, ngoma ya huku Yucatán, kwa mara ya kwanza mbele ya kijiji kizima, akiwa amevaa gauni jeupe la ngazi tatu lililodariziwa maua na bibi yake wa huku. Wasichana wakubwa hucheza wakiwa wamebeba sinia la glasi kichwani bila kushika. Yeye bado hajapewa sinia, lakini shingo imenyooka, na wenyeji wakauliza mtoto huyu shingo hii ameitoa wapi. Niliwajibu kwamba ameitoa kwa shangazi yangu, aliyebeba ndoo za maji kutoka mtoni akiwa anaongea na watu njia nzima. Video hiyo nayo ilitumwa, Shangazi. Sijasikia kwamba imeonyeshwa kikaoni.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba. Kwanza, azimio la kurudisha bendera lifutwe, na iandikwe katika kumbukumbu za kikao kwamba limefutwa. Pili, Baba Mdogo anipigie simu mwenyewe. Simtaki aniombe radhi, nataka tu aniulize habari za chama hiki naye anisikilize hadi mwisho, kwa kuwa ni mdogo wake Baba na sina baba mwingine aliyebaki. Tatu, na hili ni lako, naomba uongee na akina mama wa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, wa jumuiya yetu wanidarizie kitambaa cheupe cha altare, wakiandika Mtakatifu Antoni wa Padua, utuombee, kwa Kiswahili, na chini yake Muheza, Tanga. Gharama za kitambaa, nyuzi na posta nitalipa mimi. Mwezi Juni mwakani, bendera itakapotoka katika chumba chetu cha mbele kurudi kanisani, kitambaa hicho kitatandikwa juu ya meza iliyoibeba, na mke wangu amekwisha kupima: urefu uwe mita mbili, upana mita moja na robo, na vishada visizidi kiganja ili visishike moto wa mishumaa.

Deo atakapopokea fedha za bati anunue geji 28, asikubali 30 hata wakimpunguzia bei, na risiti aipige picha anitumie siku hiyo hiyo. Mbao za kenchi zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kupandishwa. Fundi asilipwe yote mpaka mvua ya kwanza ipite.

Msalimie Bibi, mwambie nimewasha mshumaa wa mguu wake na unaendelea kuwaka. Wasalimie wote wa Korogwe na Maramba, na katekista wetu.

Mwanao akupendaye,
Baba Antonia